Mzee wako atibiwe kwa kadi gani? Msamaha, CHF, NHIF ya mtoto au ya kujilipia

Kila msimu wa tumbaku ukiisha na hela zikaingia, swali linalozunguka huku Tabora ni hilohilo, "mama nimkatie bima gani?", na mtu anataka ajibiwe neno moja tu aende zake. Neno moja halipo, ila pia sio jambo gumu kama linavyoonekana ukishafika ofisini na kupewa fomu tatu kwa mpigo. Kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea njia za serikali ziko nne hivi: msamaha wa matibabu, CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) kupitia ajira (ya mtoto wake, au yake mwenyewe kama ni mstaafu), na NHIF ya kujilipia. Wengi wanazilinganisha kwa bei, mi naona bei iwe ya mwisho. Anza na mzee anaumwa nini, afu hiyo kadi inaishia hospitali ya ngazi gani, afu swali ambalo watu hawaliulizi kabisa: dirisha la dawa wakisema hamna, nani anatoa hela?

Msamaha kwanza maana ndo unaoeleweka vibaya

Watu wanasema "wazee wanatibiwa bure". Sio hivo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na Sera ya Afya ya 2007 inasema matibabu bila malipo ni kwa mzee asiye na uwezo, kwenye vituo vya serikali. Kwa iyo kuna vitu viwili, umri na kutojiweza, na hicho cha pili anakithibitisha mtendaji na serikali ya kijiji au mtaa. Mzee wa Igunga mwenye ng'ombe zizi zima akienda kudai msamaha kwa sababu tu ana mvi atarudishwa, na kusema ukweli wakimrudisha hawajamuonea.

Utaratibu unaanzia chini. Jina la mzee linaingia kwenye orodha kwa mwenyekiti wa kitongoji, linapanda kwa mtendaji, linaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mzee anapiga picha, kinatoka kitambulisho cha matibabu. Kazi hii inafanywa kwa mafungu, halmashauri inapita ikipata bajeti, afu inanyamaza, kwa iyo mzee aliyekuwa shambani siku ya kuandikishwa anaweza kukaa bila kitambulisho muda mrefu mpaka mtu wa familia aamke amfuatilie. Usisubiri wapite tena. Nenda kwa mtendaji na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mzee au chochote kinachoonyesha umri wake, mwambie aandike barua, na hiyo barua mpelekee ustawi wa jamii mwenyewe mkononi.

Sasa kwenye dirisha. Mzee mwenye kitambulisho halipi kumuona daktari, halipi vipimo vilivyopo hapo, halipi dawa zilizopo hapo. Neno ni ZILIZOPO. Nilikaa siku moja kwenye benchi la hospitali moja ya wilaya, juu ya dirisha kuna bango la mpishe mzee apate huduma kwanza, na kweli wakampisha, bibi mmoja akafika mbele kabla ya wote. Kijana wa dawa akasoma karatasi, "Shikamoo bibi. Metfomini ipo, hii ya presha imeisha, hiyo utanunua nje." Bibi akauliza, "Nje wapi mjukuu wangu?" Akaonyeshwa duka ng'ambo ya barabara. Msamaha unaishia hapo kwenye kingo ya dirisha, ng'ambo ya barabara ni hela yako.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haulipiwi, na kadi ya mzee haifi kila mwaka kwa sababu mtoto kasahau kulipa. Na ukitoka kwenye halmashauri iliyokupa kitambulisho, mathalan mzee wa Sikonge akapewa rufaa ya kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, usiende moja kwa moja dirisha la malipo ukaanza kubishana na mhasibu, tafuta kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ndo wenye mamlaka ya kupitisha msamaha pale, nenda na barua ya rufaa na kitambulisho vyote viwili.

Kingine kabla sijasahau: dawa za TB, za ukoma na ARV hazilipiwi na mtu yeyote, mzee au kijana, na kadi au bila kadi. Ukiona mzee anatozwa hizo kuna kitu hakiko sawa.

CHF

Hii ni ya kwetu kabisa, maana mfuko wa afya ya jamii ulianzia Igunga mwaka 1996 kama majaribio, kaya ikichangia shilingi 5,000 kwa mwaka, sheria yake ikaja 2001. Ile ya zamani ilikuwa inaishia zahanati na kituo chako cha afya tu, na ndo maana wazee wengi wakisikia CHF wanaguna. Iliyoboreshwa ilianza 2018, mchango 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na ngazi zikaongezwa: unaanza zahanati au kituo, unapanda hospitali ya wilaya, mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Kitete na kwa ndugu zetu wa Kigoma ni Maweni.

Elfu 30 kwa watu sita ilikuwa bei nzuri, hilo halina mjadala, ila uliza mwaka huu kaya inachangia kiasi gani. Babu, bibi na wajukuu wanne wanaolelewa pale nyumbani ni kaya moja, na nyumba za hivo huku kwetu ni nyingi. Ukigawanya ilikuwa elfu 5 kwa kichwa.

Lakini angalia mambo mawili. La kwanza ni rufaa, usipoanzia chini ukapewa barua, ukaenda tu Kitete kwa sababu ndo karibu na stendi, kadi haikusaidii. La pili ni lilelile la dirisha, dawa ikiisha kwenye kituo cha serikali CHF mara nyingi inabaki kukuangalia tu. Na ikivuka mkoa imekwisha, daktari wa Kitete akiandika hospitali ya Bugando kule Mwanza au Benjamin Mkapa kule Dodoma, kadi ya CHF unairudisha mfukoni.

Halafu sasa ukilinganisha na msamaha kwa mzee mmoja mmoja utagundua vinafanana karibu kila kitu, vituo vilevile, dirisha lilelile. Ndo maana mzee anayeishi peke yake na hana uwezo sioni kwanini umlipie CHF kabla hujahangaikia msamaha. CHF ina maana pale ambapo mzee hakubaliki kwenye orodha ya wasiojiweza, au pale nyumbani kuna wajukuu nao wanaumwa umwa.

NHIF kupitia mtoto, hapa ndo familia nyingi zinapoteza

Mfuko wa NHIF ulianzishwa kwa sheria ya 1999 na ukaanza kazi 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, jumla 6. Mwalimu wa mshahara wa laki 6 anakatwa 18,000 kwa mwezi, mwajiri naye 18,000. Kwa hela hizo anahudumiwa yeye, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Na mtegemezi sio mtoto peke yake! Baba, mama, baba mkwe, mama mkwe, wote wanaingia kwenye hizo nafasi nne. Makato hayaongezeki hata senti, uwe umejaza nafasi moja au zote.

Nawajua watumishi wenye nafasi mbili wazi na mama yao yuko Uyui ananunua dawa za presha kwa hela ya karanga. Sio roho mbaya, ni kwamba alipoajiriwa alijaza fomu akiwa na mtoto mmoja, fomu ikakaa kwenye faili, basi.

Ugumu unakuja ukiwa na watoto watatu na wazazi wawili, hapo nafasi ni moja. Hapa ndugu mkae mgawane. Dada nesi amchukue mama, kaka mwalimu amchukue baba, ila yule wa mwisho aliyeajiriwa juzi na hana mtoto hawezi kuwachukua wakwe wa dada, mkwe anaingia kwa mtu ambaye kamuoa au kaolewa na mtoto wao, sio kwa shemeji. Lakini mzazi anaweza kuingia kwa mtoto yeyote aliyeajiriwa, sio lazima kifungua mimba. Na angalia watoto wako wakubwa, akishavuka umri anaachia nafasi, usiiache imelala.

Vielelezo ndo vinakwamisha. Kumuandikisha mzazi unatakiwa kuonyesha kwamba ni mzazi wako kweli, na kinachoonyesha ni cheti chako wewe cha kuzaliwa chenye jina lake. Kama jina la mama kwenye cheti ni Mariamu Juma na kwenye NIDA ni Mariam Jumanne, hapo mtazunguka. Rekebisheni mapema kabla mtu hajaumwa.

Kwa upande wa huduma hii ndo pana kuliko zote. Vituo vya serikali, hospitali za mashirika ya dini zilizosajiliwa, za binafsi zilizosajiliwa, na rufaa mpaka kanda na taifa. Kwa mtu wa Nzega au Igunga ina maana Ndala au Nkinga zinaingia kwenye hesabu kama ziko kwenye mkataba, sio lazima kupanda gari mpaka mjini. Vipimo vikubwa, oparesheni, mazoezi ya viungo, meno, miwani, vyote vimo, vingine kwa kibali cha mfuko, kwa hiyo daktari akisema subiri kibali usidhani anakuzungusha. Mwezi Machi 2024 kitita, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unalipia, kilibadilishwa na hospitali za binafsi zikagoma kupokea kadi kwa muda, basi tangu hapo mi kabla ya kumsafirisha mzee napiga simu hospitali nauliza mnapokea na huduma hii mnaitoa kwa kadi? Dakika mbili tu.

Na lile swali la dirisha? Dawa ikiwa haipo hospitali, mwenye NHIF anaandikiwa fomu 2C, anaenda nayo duka la dawa lililosajiliwa na mfuko, anachukua dawa bila kutoa hela. Kwa mzee wa presha na kisukari anayemeza vidonge kila siku ya Mungu mpaka mwisho, hiyo karatasi moja ndo tofauti nzima kati ya kadi hii na zile mbili za juu. Wengine hawaambiwi, iombeni kwa jina, "naomba 2C".

Mzee mwenyewe kama ni mstaafu aliyekuwa mwanachama wa NHIF, anaendelea na matibabu yeye na mwenza wake bila kukatwa kwenye pensheni. Ni mwenza tu, wale wategemezi wengine wanatoka. Kadi ya utumishi haigeuki yenyewe kuwa ya mstaafu, unaifuatilia na barua ya kustaafu, na ifuatilie ukiwa mzima wa afya maana foleni ya ofisi sio ya mtu mwenye drip.

Ya kujilipia

Hapa nitakuwa mfupi. NHIF wana vifurushi vya mtu binafsi na bei inapanda na umri. Vilipoanza 2019, cha chini kabisa, Najali Afya, kijana wa miaka 18 mpaka 35 alikuwa analipa 192,000 kwa mwaka, wa miaka 60 na kuendelea 360,000. Cha juu kwa mzee kilikuwa kinakaribia milioni. Vifurushi vimeshabadilishwa majina na bei tangu hapo, lakini mpango ni uleule, umri ukipanda na hela inapanda, na cha chini kina mipaka ambayo lazima uisome. Soma hasa muda wa kusubiri, maana huduma kubwa hazifunguki siku uliyolipia. Mtu anayekimbilia kukata bima baada ya daktari kusema tezi dume inataka oparesheni amechelewa.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge, uliza kwenye AMCOS yako (chama cha ushirika cha wakulima) habari ya Ushirika Afya, bima ya NHIF kwa wanaushirika. Ilipoanza mkulima alikuwa anachangia 76,800 kwa mwaka, na mwenza wake hivohivo, weka hiyo pembeni ya 360,000 uone. Sharti ni uwe mwanachama wa ushirika. Mzee wa miaka 65 ambaye bado ana shamba kwa jina lake na AMCOS bado inamtambua, hiyo ndo njia ya kuulizia kabla hujagusa vifurushi vya kawaida.

Ukiziweka pembeni pembeni

Chukua mzee wa presha tu, anaishi kijijini, kliniki yake ni ya kila mwezi. Msamaha unamtosha kama zahanati yake huwa na dawa, na hilo utalijua kwa kuuliza majirani zake sio kwa kuuliza ofisi. Kama dawa zinakatika kila mara, piga hesabu mnatumia shilingi ngapi kwa mwezi dukani, mkiona kwa mwaka inazidi mchango wa bima basi mmeshajibiwa. Ila hesabu iwe ya kweli, watu wanataja ya mwezi uliokuwa mbaya.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine. Ni oparesheni ya mara moja kwa kila jicho, sio ya kila mwezi, kwa iyo kukata kifurushi cha mwaka mzima kwa ajili ya jicho moja mi siungi mkono. Mpeleke kliniki ya macho kwa msamaha au CHF, na ulizia madaktari wa macho wa kambi wanapita lini, hao huwa wanatangazwa makanisani, misikitini na redio za mkoa.

Figo, kansa, moyo. Hapa CHF inakufikisha mlango wa Kitete tu, kinachofuata ni Bugando, Dodoma au Dar, na huko gharama moja tu inaweza kumaliza ng'ombe wote. Kama familia ina historia ya hayo magonjwa na kuna mtoto hata mmoja ameajiriwa, mzee awe kwenye kadi yake leo hii. Kama hakuna aliyeajiriwa, hapo ndo ile ya kujilipia inaanza kuwa na maana, ndugu mkichanga, na muianze mzee akiwa bado anatembea.

Na kadi yoyote ile haitoi nauli. Basi la Mwanza kupitia Nzega na Shinyanga, au treni ya Dodoma, ni watu wawili wanasafiri, mzee na anayemsindikiza, na huyo wa pili anakula na analala sehemu. Familia zinalipia bima vizuri kabisa afu rufaa inakaa kwenye begi kwa kukosa nauli. Kwenye kikao cha kuchangia bima changieni na hiyo.

Sheria mpya

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kwa lugha ya kawaida inataka kila mtu awe na bima, kaya ichangie kama kaya, na wasio na uwezo serikali iwalipie kupitia mfuko maalumu. Kwa iyo CHF tuliyoizoea na msamaha tuliouzoea vinaenda kuingia humo, na ukifika kwa mtendaji au ofisi ya NHIF ya mkoa uliza kwanza halmashauri yenu imefika wapi na kaya inachangia kiasi gani mwaka huu, usilipe hela kwa mtu kwa bei uliyoisoma kwenye status ya mtu.

Kwa mzee asiyejiweza kuna kitu kimoja hakibadiliki, atakayelipiwa na serikali ni yule ambaye jina lake liko kwenye orodha. Orodha inaanzia kitongojini. Familia iliyozembea kwenye msamaha kwa kuwa "bima ya wote inakuja" itakuta orodha imeshapanda juu bila mzee wao.

Na kama unasoma hii mzee ameshalazwa tayari, hana kadi yoyote na bili inakua: usitoroke wala usianze kuuza kitu leo. Mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo aeleze hali, na wa tatu apige simu kijijini mtendaji aandike barua ya utambulisho aipige picha aitume, nakala halisi itakuja na gari la kesho. Msamaha unaweza kupitishwa mgonjwa akiwa wodini, wote au sehemu ya bili, lakini wanaupitisha kwa aliyeomba kabla ya kuruhusiwa, ukishalipa ni vigumu kurudishiwa.